Naomi wa Uzi na Mpunga

Nilipokuwa mdogo, kila msimu wa mpunga baba alituhamisha wote kwenda bondeni, mbele ya Namawala, tukaishi kwenye dungu. Ninyi wa siku hizi dungu mnaliona kwenye simu tu. Ni kibanda kilichokaa juu ya miti mirefu, unapanda kwa ngazi ya magogo, chini yako maji na matope. Kiboko akipita unamsikia anavyopumua kama mtu mwenye mafua. Mama alipika huko huko juu, wali wa mpunga mpya na samaki anayeitwa kitoga, na ingawa meno yangu yamebaki machache, ukinitajia kitoga yote yanasimama.

Lakini sikukaa nisimulie habari za samaki. Nilitaka kusema habari za magunia.

Mavuno yakiisha, magunia ya watu wengi yalipakiwa kwenye mtumbwi mmoja ili yavushwe. Waliojua kusoma walikuwa wachache sana. Sasa gunia lako utalijuaje huko ng'ambo? Kila mtu alikuwa na alama yake. Baba alikuwa mvuvi kuliko alivyokuwa mkulima, kwa hiyo alama yake ilikuwa ndoana. Jirani yetu alikuwa na mguu wa kuku, kwa sababu kuku wake walikuwa wakorofi, wanaingia mashamba ya watu, basi watu wakampachika alama hiyo na mwenyewe akaikubali. Tulichora kwa mkaa uliosagwa na kuchanganywa na utomvu. Ile ndoana haikutamkwa "baba". Ilisema tu kwamba hili gunia ni la yule jamaa wa samaki, na ukiiona, yeye mzima mzima anakuingia kichwani na mwendo wake na kikohozi chake. Mkono wangu ulionekana mwepesi, nikawa mchoraji wa alama za madungu yote ya jirani. Malipo yalikuwa kipande cha muwa.

Shule nilikaa kidogo, nikaacha. Herufi nilizipenda kwa sura zake tu, kusoma kulikuja baadaye kwa kujikongoja. B kwangu ilikuwa mama mjamzito aliyebeba na kifurushi juu.

Mimi ni Linusi. Ifakara wananiita Fundi Rangi, na kazi niliyofanya maisha yangu yote ni kuandika. Si kuandika kama waandishi wa vitabu. Nasema kuandika ukutani: duka la dawa, kinyozi, baa, mlango wa lori, ubavu wa mtumbwi, msalaba wa kaburi. Kama umewahi kunywa soda Ifakara umeegemea ukuta, basi mgongo wako umeshanisoma.

Kazi nilifundishwa na Mzee Athumani, mtu wa Kigoma aliyekuja kufanya kazi kwenye shamba la miwa, wakamweka karakana ya rangi aandike namba za matela. Mimi nilikuwa namuoshea brashi. Alikuwa mtu wa swala tano na wa matusi madogo madogo. "We Linusi," ananiambia, "unaandika au unasukuma chapati?" Alinifundisha kuanza neno katikati ya ukuta na kwenda pande zote mbili, ili usije ukafika mwisho umebakiwa na herufi lakini ukuta umekwisha. Alinifundisha kupumua. Unavuta pumzi, halafu brashi na pumzi vinatoka pamoja. Ukiishiwa pumzi katikati ya mstari, ujue ulianza na haraka zako.

Na alinifundisha kurudia. Hilo lishikeni, maana nitalirudia mimi mwenyewe huko mbele. Nusu ya kazi yetu ilikuwa kurekebisha. Herufi ikinenepa, unaipunguza kwa rangi ya ukuta. Ikikonda, unaiongeza nyama. Mwisho unaitia kivuli, chekundu au bluu, inasimama kama inataka kutoka ukutani ikusalimie. Mteja akiona kivuli anatabasamu hata kabla hajasoma.

Makosa nayo yalikuwepo, tena ya kuchekesha. Mvuvi mmoja aliniletea mtumbwi wake mpya niuandike jina la mkewe. Nikaukuta umefunikwa kifudifudi ukingoni, umekauka vizuri, nikasema hapa hapa. Nikaandika kwa raha, na kivuli juu. Walipougeuza na kuutia majini, jina likawa limesimama kwa kichwa. Yule bwana aliniangalia muda mrefu, akasema, "Fundi, hii umewaandikia mamba?" Mkewe alicheka mpaka akakataa lifutwe. Mtumbwi ule ulivusha watu miaka mingi na jina lake limepinduka, na ukiuliza mtumbwi gani unaondoka kwanza, unaambiwa panda ule wa mama aliyebinuka.

Kwenye misalaba nilikuwa na utaratibu wangu. Kabla ya kuandika jina naiuliza familia, marehemu alishinda ameshika nini mkononi? Ukiwauliza alikuwa mtu wa namna gani, wote wanasema alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, hainisaidii kitu. Ukiwauliza alishika nini, wanaangaliana, mmoja anacheka na machozi yanamtoka, ndipo anasema: mwiko. Au: radio. Nikishajua, jina linatoka mkononi vingine. Siwezi kuwaeleza kwa nini.

Sasa mambo yamebadilika. Kijana ana kompyuta, anachapa bango la plastiki lenye picha ya kinyozi na nyuso za watu ambao hawajawahi kufika Ifakara, na kabla chai haijapoa limeshatundikwa. Sina ugomvi nao. Ni safi, na duka la mwanangu mwenyewe lina bango la namna hiyo. Na mkono wangu nao ulikuwa umeanza kutetemeka. Si sana. Asubuhi unatulia, jua likipanda unaanza kucheza kama mkia wa mbuzi. Nilikuwa najisemea nitaacha, nitaacha, lakini mtu anaachaje kitu ambacho hakina mlango wa kutokea?

Ndipo akaja Shingo.

Msicheke, jina lake ndilo hilo. Ni Mjapani, mtaalamu wa mpunga, alikuja kufundisha watu kupanda kwa mistari, akakaa, akamuoa Skola, msichana wa Mkula aliyekuwa anauza mchele kwenye mashine ya kukoboa. Kiswahili alikipata kwa wakulima, kwa hiyo alikuwa na adabu za kizee.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Shingo inageuka?"

"Inageuka, mzee wangu. Leo nimekuja na kazi."

Aliniambia kwamba kwao jina lake maana yake mkweli. Nikamuuliza linakuwaje mkweli wakati hapa ni mahali pa kuvalia mkufu. Akasema sauti peke yake haitoshi. Kwao wana herufi wanaziita kanji, na kila herufi imebeba maana yake. Sauti moja unaweza kuiandika kwa herufi nyingi tofauti, kwa hiyo mzazi hachagui jina tu, anachagua na herufi, yaani anachagua mtoto atakuwa amebeba nini. Wenzake wengine wanaitwa Shingo vile vile lakini wameandikwa vingine, na hao ni watu wengine kabisa.

Nikamwambia, hiyo naijua. Hayo ni magunia.

Hakuelewa, nikamweleza habari ya ndoana na mguu wa kuku, akafurahi mno, akainama mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Skola alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na jina lilishapatikana: Naomi. Kwetu Naomi yumo kwenye Biblia, na kwao ni jina la kike la kawaida kabisa. Tena Naomi alikuwa marehemu mama yake Bibi Tekla, na Bibi Tekla ndiye mama yake Skola. Mnajua kwetu mtoto akipewa jina la mama yako, wewe unamwita mama, na heshima ya mama unampa. Kwa hiyo kila upande ulifurahi. Kilichobaki ni kuchagua zile herufi na kuziandika kwa brashi kwenye karatasi nyeupe ya kwao, itundikwe nyumbani mtoto aonyeshwe, ndivyo desturi yao. Shingo mkono wake ulizoea kuandika kwenye simu. Akasema, "Herufi nazijua, brashi siijui. Wewe brashi unaijua."

Baba yake huko Japani alishatuma herufi mbili. Shingo akanionyesha kwenye simu. Nikachukua ubao, nikapiga mistari ya penseli, nikajaza rangi nyeusi, nikarekebisha kona, na kwa mapenzi yangu yote nikatia kivuli chekundu.

Shingo aliangalia. Akakaa chini kwenye ndoo ya rangi. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Nini sasa?"

"Fundi, inafanana na tangazo la baa."

Kumbe kwao mstari unapita mara moja. Una mahali unapoanzia na mahali unapoishia, huu kabla ya ule, na ukishapita hurudi. Hurekebishi. Hutii nyama. Mimi niliyelelewa kwa kurudia! Basi akanifundisha kwa maji, tukawa tunaandika kwenye sakafu ya saruji na jua linafuta. Ile habari ya Mzee Athumani ya pumzi ndiyo iliyoniokoa. Shingo alisema na mwalimu wake wa shule alisema hivyo hivyo. Wawili hao hawakupata kuonana.

Tulipokuwa tunaendelea vizuri, Skola akaja na mtoto mgongoni, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Fundi, acha kwanza. Mama amekataa."

"Amekataa nini? Jina si la mama yake?"

"Ameuliza herufi zinasema nini, nikamwambia. Sasa hataki kumwita mtoto. Anamwita mgeni. 'Mlete mgeni nimwogeshe.' Fundi, safari yetu ya Japani imekaribia, na Shingo lazima akaandikishe jina kwao kwa herufi hizo. Nitaondokaje mama hajamwita mwanangu hata mara moja?"

Basi tukaenda Mkula, mimi na Shingo na mtoto na mama yake, na karatasi zile laini zimefungwa kwenye kanga zisikunjike. Bibi Tekla alitukaribisha kibarazani vizuri tu, akatupa viti, akatupa maji, akauliza habari za nyumbani. Halafu akasema, "Hebu nisomee, baba."

Shingo akatoa simu. "Ya kwanza, nyoofu. Ya pili, uzuri."

"Nani mnyoofu?"

"Naomi, Bibi."

Bibi Tekla akanigeukia mimi. "Fundi, wewe ni mtu mzima. Mama yangu alikuwa na mguu uliopinda tangu utotoni. Alitembea hivi." Akasimama, akatembea kibarazani mguu mmoja anauvuta, na nikaapa moyoni nimemwona marehemu. "Na uzuri, Mungu alimpa dada yake wote, yeye akaambiwa asubiri. Huyo mnayemwandika hapo mimi simjui. Mtampeleka huko kwa watu na jina la nani?"

"Mama, ni herufi tu," Skola akasema.

"Kama ni herufi tu, mbona huyu hakuchukua zetu?"

Shingo akataka kusaidia, akaharibu. "Bibi, hii ya uzuri ni nzuri sana. Angalia, hapa juu ni kondoo, hapa chini ni kubwa. Kondoo mkubwa, ndiyo uzuri."

Bibi Tekla akaiangalia ile simu, akamwangalia mkwewe.

"Sasa mama yangu kawa kondoo."

"Mkubwa," Shingo akasema.

Nilijikaza nisicheke mpaka mbavu zikauma. Lakini Skola alikuwa ameinamia mtoto na mabega yanamtikisika, na haikuwa kwa kucheka. Ndipo lile swali langu la makaburini likanitoka.

"Bibi Tekla, marehemu alishinda ameshika nini mkononi?"

Hakufikiri. "Shazia."

Shazia, kwa ninyi mnaonunua mchele wa mifuko, ni ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Marehemu Naomi kwa mguu ule hakuweza kuzama matopeni kupanda wala kuvuna. Alikaa pembeni mwa mashamba, penye pakavu, na magunia ya watu wote yalipelekwa kwake ayashone midomo. "Gunia aliloshona mama," Bibi Tekla akasema, "livuke mto, liangushwe, likaliwe na wahuni, halimwagi punje. Na ncha ya uzi aliiacha pembeni, hivi, kama sikio. Mwenye mali akifika kwake anavuta pale mara moja, gunia lote linafunguka. Wengine wanashona mpaka ukate kwa kisu. Mama hapana. Alisema mtu amelima kwa shida, asisumbuliwe mlangoni."

Shingo alikuwa amesimama. Alichukua kijiti, akashuka uani, akaanza kuchora mchangani, anafuta kwa mguu, anachora tena, anaongea kikwao peke yake. Halafu akatuita.

"Kuna herufi ya uzi. Si uzi wote. Ni ile ncha, unayoishika ndipo uzi uanze. Inasomeka 'o'. Na hii ni 'mi', punje iliyojaa, kitu kilichokomaa. Hii ya mbele ni 'na', ni ya sauti, haina makuu. Na-o-mi."

Bibi Tekla alishuka taratibu. Akazunguka ile michoro kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari. "Ncha ya uzi," akasema. "Na mpunga."

"Na mpunga, Bibi."

"Kondoo hayumo?"

"Hayumo."

Kikwazo kilikuwa baba yake Shingo. Wazee wa kwao wanahesabu mistari ya jina kutafuta bahati, na yeye alishahesabu akaridhika na zile mbili. Shingo akapiga simu pale pale uani. Hatukuelewa kitu, tuliona tu anavyoiinamia simu, anaongea, ananyamaza, anaonyesha kwa mkono jinsi ya kushona gunia kama vile mzee anamwona. Skola alinishika mkono wa shati bila kujua. Kisha Shingo akasikiliza, akainama mara ya mwisho.

"Anasema nini?" Bibi Tekla akauliza.

"Anasema mwenye marehemu ndiye mwenye kujua. Anasema na yeye ni mkulima wa mpunga, gunia linalofunguka vizuri analijua. Lakini iandikwe vizuri."

Wote wakanigeukia mimi.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nikakaa kwenye mkeka, Skola akatandaza karatasi, Shingo akaweka wino. Herufi zilikuwa mpya, mkono haujazijua. Karatasi ya kwanza nikaiharibu kwa kuikimbiza. Nyingine nikaiharibu kwa kurudia, mazoea, mstari umekonda nami nikautia nyama, ukawa donda. Shingo aliitoa taratibu akaweka nyingine. Mwisho Skola akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, ndiyo iliyobaki."

Nilimkumbuka Mzee Athumani na chapati zake. Nikavuta pumzi. Ile ya sauti ikakaa. Nikaingia kwenye ile ya uzi, ina mistari mingi, na katikati yake mkono ukacheza. Mstari ukatetemeka kutoka juu mpaka chini, kila mtu aliona. Brashi yenyewe ilitaka kurudi, naapa, ilikuwa inanivuta. Nikaikatalia. Nikamaliza, nikaandika ile ya punje, paa lake na mistari yake, pumzi ikaisha na herufi ikaisha.

"Imetetemeka," nikasema. "Samahani, Bibi."

Bibi Tekla aliinama mpaka pua ikakaribia wino. Hajui kusoma hata zetu. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile ya katikati, bila kugusa.

"Uzi ni huu?"

"Ndiyo huu."

"Unaonekana. Uzi wa gunia haunyooki, Fundi. Ukinyooka sana, umeshonwa na mashine."

Akanawa mikono, akaifuta kwenye kanga, akanyoosha mikono kwa Skola. Alimpakata mtoto, akamweka sawa kichwa, akamwinamia kwa adabu kama msichana aliyetoka kuchota maji akamkuta mkubwa wake uani.

"Shikamoo, mama."

Mtoto akapiga mwayo, akageukia upande wa pili.

"Ndiye," Bibi Tekla akasema. "Mama hakuwahi kuitikia salamu kwa haraka." Skola akacheka na kulia kwa pamoja, Shingo akawa anainamia kila mtu, hata kuku.

Mimi nilibaki na brashi mkononi, na wino umeanza kukauka kwenye nywele zake. Miaka yote sijawahi kuacha brashi bila kuiosha. Nikaiangalia ile karatasi, na ule mstari uliotetemeka, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona mahali pa kurekebisha. Nikaiweka brashi ukingoni mwa kibaraza, chafu vile vile. Nikavaa kandambili zangu, nikashuka uani nikiikwepa michoro ya mchangani, nikaelekea barabara kuu. Nyuma nikamsikia Skola akiita, Fundi, rudi ule wali kwanza! Nikapunga mkono bila kugeuka, nikaenda zangu.